Je, Wajua? Ukibadili Rimu, Umegusa na Breki

Dodoma ya leo ina barabara pana, na barabara pana huamsha hamu ya kupamba magari. Kuanzia kilima cha Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, hadi Mji wa Serikali kule Mtumba, utaona Crown na Mark X zimevaa rimu zinazong'aa, na Prado zimeinuliwa juu ya matairi manene. Wengi huuliza bei. Mimi huwa nauliza jingine: gari hilo sasa linasimamaje? Majibu yake yamejaa mambo ya kushangaza, na mengi yanahusu nyanda hizi hizi za kati tunazoishi.

Breki moja, birika zima la chai

Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki zake huzalisha joto la kutosha kuchemsha karibu lita moja na robo tatu za maji. Hesabu hiyo nimeifanyia Dodoma, kwa maji ya nyuzi 20, maana kwenye mwinuko wetu wa takribani mita 1,100 maji huchemka yakifika nyuzi 96 tu. Breki haiufuti mwendo, inaugeuza kuwa joto, na joto lote hilo huingia kwenye diski na pedi ndani ya sekunde nne hivi. Kwa hiyo anayetafuta breki kubwa kwa kweli anatafuta chuma kizito zaidi, kinachoweza kulimeza joto lile lile bila kuungua.

Mwendo mara mbili, joto mara nne

Kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa hakuzalishi nusu ya joto la kusimama kutoka 100. Kunazalisha robo tu. Umbali nao hufuata kanuni hiyo hiyo: kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari la mwendo wa 50 husimama kwa mita 14 hivi tangu breki zishike, na la mwendo wa 100 huhitaji mita 56. Na kabla mguu haujagusa pedali, kila sekunde ya kuduwaa kwenye mwendo wa 100 imekwisha kula mita 28. Ng'ombe wakiwa wanavuka barabara, mita hizo zina maana kubwa kuliko rangi ya rimu.

Matairi yote manne, karatasi moja ya A4

Ukijumlisha eneo lote ambalo matairi manne ya gari dogo yanagusa barabara, utapata kitu kinachokaribia karatasi moja tu ya A4. Chukua uzito wa gari, ugawe kwa upepo uliomo kwenye matairi, na jibu linakuja lenyewe: sentimita za mraba 600 na kidogo. Gari zima, abiria na mizigo yao husimamishwa na eneo hilo.

Hapa ndipo wauzaji wa vipuri wengi hunyamaza. Breki hushika gurudumu, lakini anayeishika barabara ni tairi. Ikiwa breki zako za sasa zinaweza kulifunga gurudumu likaburuzika, au kuiamsha ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge), basi kuweka diski kubwa hakutapunguza hata mita moja kwenye kusimama kwa mara ya kwanza. Faida ya diski kubwa huonekana kwenye kusimama kwa mara ya tano na ya kumi, pale diski ndogo inapokuwa imeshachemka na kuanza kuteleza. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, mimi ningemwambia anunue matairi bora kwanza.

Rimu mbili tofauti, tofauti ya milimita 0.2

Tairi la 195/65R15 na tairi la 225/45R17 yana vimo vinavyokaribia kulingana kabisa: la kwanza lina kipenyo cha milimita 634.5, la pili 634.3. Namba za ubavuni zinasomeka hivi: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu ukiwa asilimia ya upana huo, na 15 ni rimu kwa inchi. Rimu inapokua kwa inchi mbili, ubavu wa mpira unapungua kutoka milimita 127 hadi 101, na gurudumu zima linabaki na kimo kile kile.

Huo ndio uungwana wa kubadili rimu. Spidomita haidanganyiki, gia hazibadiliki, na breki hukutana na gurudumu zinalolijua. Kinachopotea ni sentimita mbili na nusu za mpira wa kukulinda na mashimo.

Prado ndefu na tochi ya trafiki

Prado ikivuliwa matairi ya 265/65R17 na kuvikwa 285/70R17, kila gurudumu linakua kwa asilimia 7, na nguvu ya breki inayofika barabarani inapungua kwa karibu kiasi hicho hicho kwa mguu ule ule. Sababu ni wenzo. Diski iko pale pale, lakini ukingo wa tairi umesogea mbali na kitovu, kwa hiyo barabara imepata mkono mrefu zaidi wa kushindana na breki.

Spidomita nayo inaachwa nyuma. Kwa hesabu tupu, mshale ukisema 80 gari linakwenda karibu 86, na ukisema 50 kijijini linakwenda zaidi ya 53. Askari mwenye tochi hatakubali ushahidi wa dashibodi.

Safari Rally: rimu ndogo ndiyo bingwa

Kwenye mbio za rally za dunia, gari lile lile la fedha nyingi huvaa rimu za inchi 15 kwenye changarawe na inchi 18 kwenye lami. Breki hubadilika pamoja nazo: diski za mbele za milimita 300 kwenye changarawe, na milimita 370 kwenye lami. Ukipiga hesabu utaona jambo zuri sana. Rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha milimita 381, ya inchi 18 ina 457, na katika hali zote mbili kunabaki pengo la milimita 80 na ushee kwa ajili ya kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na nafasi ya kuzunguka.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kama mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia kule Naivasha. Wahandisi wenye fedha isiyo na kikomo, wakifika kwenye njia za Afrika Mashariki, hutumia rimu ndogo na ubavu mnene wa mpira, na huikubali breki ndogo inayokuja nazo. Mwenye Subaru anayelala Dodoma mjini na kulima Kongwa ana sababu nzuri ya kuwaiga.

Kila mita 100 za mteremko ni kusimama mara mbili na nusu

Gari la kilo 1,500 likiteremka mita 100 kwenda chini kwa breki tupu, bila msaada wa injini, breki hupokea joto sawa na la kusimama mara mbili na nusu kutoka mwendo wa 100. Mteremko wa mita 300 ni zaidi ya mara saba mfululizo, bila nafasi ya kupoa, tukiacha kando upepo na mkwaruzo wa matairi ambavyo husaidia kidogo.

Anayeshuka Nyang'oro kwenye barabara ya Dodoma na Iringa, au Sekenke kule Iramba, ana hesabu hiyo mguuni mwake hata kama hajawahi kuiandika. Ndiyo maana madereva wa zamani husisitiza kushuka kwa gia uliyopandia. Injini ina rejeta, feni na maji ya kulitoa joto; diski ina upepo wa barabarani tu. Na kwa lori la tani 30, zidisha kila kitu mara 20.

Mlio wa lori uliozaliwa mwaka 1931

Ule mlio wa kupasuapasua unaousikia lori likishuka mlima ulianzia kwenye hofu ya mtu mmoja. Mwaka 1931 Clessie Cummins, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza injini za dizeli, alikuwa kwenye lori lililokuwa linashuka Cajon Pass, California, breki zikaungua zikakosa nguvu, na mbele yao treni ya mizigo ilikuwa inakatiza barabara. Walipona kwa nafasi ndogo sana.

Wazo halikumtoka. Alitafuta namna ya kuifanya injini yenyewe igeuke breki: isukume hewa kwa nguvu, kisha iiachie itoke kabla haijaisukuma pistoni irudi. Mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuuza breki hiyo, na leo inaokoa pedi na maisha kwenye miteremko ya dunia nzima.

Hewa ya Dodoma inasukuma kwa unyonge

Mguu wako ukiwa Dar es Salaam hupata msaada mkubwa wa breki kuliko ukiwa Dodoma. Lile bakuli kubwa jeusi lililo mbele ya dereva chini ya boneti, busta ya breki, hufanya kazi kwa tofauti ya hewa: upande mmoja injini imenyonya hewa ikaisha, upande wa pili hewa ya nje inasukuma. Hewa ya hapa kwetu ni nyepesi kwa takribani asilimia 12 kuliko ya pwani, kwa hiyo na msukumo unapungua.

Kwa gari lililotoka kiwandani hutahisi kitu, maana limetengenezwa na akiba. Lakini kwa anayeongeza matairi makubwa, uzito juu ya paa na kalipa za gari jingine, akiba hiyo ndiyo anayoanza kuitumia.

Mguu wa kilo 20, kalipa ya kilo 480

Bila busta kabisa, mguu unaosukuma kwa kilo 20 unaweza kuibana pedi kwa karibu kilo 480. Pedali ni wenzo unaozidisha mara nne hivi. Kisha mafuta huipokea kazi: pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22 inasukuma pistoni ya kalipa yenye milimita 54, na kwa kuwa eneo limezidi mara sita, nguvu nayo inazidi mara sita. Kanuni hiyo aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, zama ambazo hakuna aliyewaza gari.

Pascal hatoi kitu bure. Ukifunga kalipa zenye eneo la pistoni lililozidi kwa asilimia 20, zitadai mafuta zaidi kwa asilimia 20, na pedali itazama zaidi kabla ya kushika. Fundi anayebadili kalipa bila kuiangalia masta silinda amefanya nusu ya kazi.

Mafuta ya breki hunywa maji

Chupa ya mafuta ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155, na DOT 5.1 hutoka 260 hadi 180. Unyevu huo huingia kidogo kidogo kutoka hewani, kupitia mipira na kila mfuniko unapofunguliwa.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, kwa hiyo mguu unakwenda hadi sakafuni na gari linaendelea na safari. Mtu anaweza kununua diski za milimita 330 na kalipa nyekundu, akaacha ndani mafuta ya miaka sita, na mlima ukamkuta na breki zile zile za zamani. Kuyabadili kila baada ya miaka miwili na kutoa upepo vizuri ndicho kipuri cha bei nafuu kuliko vyote.

Upepo unaoiachia breki badala ya kuifunga

Kwenye lori na basi kubwa, breki ya kuegesha hufungwa na springi nene za chuma. Kazi ya upepo ni kuziachia. Upepo ukivuja wote, springi zinashika zenyewe na gari linakwama palipo. Ni fikra nzuri mno: kifaa kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama.

Treni nazo zina busara inayofanana, kazi ya George Westinghouse wa Marekani, aliyetengeneza breki ya upepo mwaka 1869 na kuiboresha mwaka 1872 ili bomba likikatika mabehewa yote yajifunge. Lakini huko kinachofunga ni hewa iliyohifadhiwa kwenye mitungi, na hewa hiyo nayo ikiisha, behewa halina cha kulishika isipokuwa breki za mkono. Mkoa wa Dodoma unajua uzito wa breki za treni kuliko mahali pengi duniani. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma ikiteremka bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo huko Igandu. Watu zaidi ya 280 walipoteza maisha. Kwa walioondokewa siku hiyo, breki si suala la mafundi peke yao.

Fundi viatu aliyetengeneza pedi ya kwanza

Breki ya kwanza ya gari kuvishwa kitambaa cha kushikia ilivishwa na fundi viatu. Agosti 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe Carl bila kumwambia, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mbao za breki zilipoanza kuisha kwenye miteremko, alimwomba fundi viatu wa njiani azipigilie ngozi. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani, na tayari mwanamke huyo alikuwa ameshagundua kwamba breki za kiwandani hazitoshi.

Kelele zilizochelewesha diski nusu karne

Diski ya breki ilipata hataza Uingereza mwaka 1902, kazi ya Frederick Lanchester, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele kiasi cha kumfukuza mnunuzi. Magari yakabaki na dramu. Kisha mwaka 1953 Jaguar yenye diski za Dunlop ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans: wapinzani walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema kwa kuogopa joto la dramu, Jaguar wakachelewa kukanyaga breki kila kona. Miaka miwili baadaye Citroën DS ikaziweka diski mbele kwenye gari la kawaida la familia.

Magurudumu ya mbele hubeba mzigo wa nyuma

Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito wa gari huhamia mbele kiasi kwamba breki za mbele hufanya asilimia 70 ya kazi, wakati mwingine zaidi. Pua inainama, buti inainuka, na matairi ya nyuma yanabaki yakiigusa barabara kijuujuu.

Kwa hiyo kiwanda huzipa breki za nyuma nguvu ndogo kwa makusudi. Anayefunga diski kubwa nyuma ili zionekane vizuri ndani ya rimu, bila kupima uwiano, anayafanya magurudumu ya nyuma yajifunge kwanza. Na gari ambalo nyuma imejifunga hugeuka likatazama lilikotoka. Hili ndilo jambo la kuogopwa kuliko yote kwenye makala hii.

Kilo ya ukingoni ina uzito wa kilo mbili

Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa gurudumu hudai breki karibu mara mbili ya kilo moja iliyo kwenye buti, kwa sababu inasonga mbele na wakati huo huo inazunguka. Rimu na tairi vikiongezeka kilo tano kwa kila gurudumu, breki huhisi kama abiria mdogo wa kilo 40 amepanda. Kwa gari la kilo 1,500 hiyo si balaa. Wanaolalamika sana kuhusu uzito wa rimu wangelalamikia zaidi kimo cha tairi.

Gari la Japani, vipimo vya inchi

Tundu tano za rimu ya Crown zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, namba ya ajabu mpaka ujue kwamba ni inchi nne na nusu kamili. IST ya kizazi cha kwanza ina tundu nne kwenye milimita 100, na Land Cruiser 200 ina tano kwenye 150. Tairi nalo huchanganya: upana kwa milimita, rimu kwa inchi. Michelin walijaribu mwaka 1975 kuleta rimu za milimita tupu, dunia ikakataa.

Hata tundu zikilingana, angalia na tundu kubwa la katikati. Crown na Mark X zina habu ya milimita 60.1, Subaru nyingi zina 56.1. Rimu yenye tundu pana kuliko habu hukaa kwa kushikiliwa na nati pekee, ikitetemesha usukani, na fundi huanza kuzichonga diski zisizo na kosa. Pete nyembamba ya kuziba pengo hilo humaliza tatizo.

Herufi tatu za kutafuta kwenye rimu

Rimu za aloi zilizopimwa kwa viwango vya Japani huchorwa herufi JWL kwenye chuma chenyewe, na za malori na mabasi huchorwa JWL-T. Kiwango hicho hudai rimu ijaribiwe kwa kukunjwa, kuzungushwa chini ya mzigo na kugongwa. Tairi jipya nalo lina tarehe yake ya kuzaliwa: tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa ubavuni unaoanza na DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma vyote viwili kabla hujatoa fedha.

Dramu zimerudi, tena kwenye gari la umeme

Volkswagen ID.4, gari la umeme la kizazi hiki, lina breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kugeuza mota iwe jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, hivyo breki za nyuma hukaa siku nyingi bila kazi. Diski isiyotumika hushika kutu, dramu imejifunika.

Mvua ya kwanza baada ya miezi ya vumbi

Upepo wa tairi peke yake unaweza kukadiria mwendo ambao gari litaanza kuelea juu ya maji. Kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA kwa matairi ya ndege inasema kwamba tairi lenye upepo wa PSI 32 huelea karibu na mwendo wa 94, na likishuka hadi 20 huelea karibu na 74. Tairi pana la rimu kubwa lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni.

Hapa Dodoma kiangazi huanza Mei na hufika hadi Novemba hivi, na muda wote huo lami hukusanya vumbi, mafuta na mabaki ya mpira. Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza hugeuza mchanganyiko huo kuwa utelezi. Siku hiyo Crown yenye kalipa za pistoni sita na IST ya kawaida zinategemea kitu kimoja: mistari iliyobaki kwenye tairi.

ABS huhesabu meno

Kwenye kila gurudumu kuna sensa inayohesabu meno au alama za pete inayozunguka, na kompyuta hulinganisha magurudumu manne ili kujua lipi linaanza kuburuzika. Bosch na Mercedes waliingiza mfumo wa kielektroniki wa namna hiyo kwenye S-Class mwaka 1978. Weka mbele na nyuma matairi yenye vimo tofauti, na kompyuta inaweza kudhani gurudumu linateleza hata kwenye lami kavu.

Kipimo cha karatasi ya boksi

Kampuni kubwa za breki hutoa michoro ya kalipa zao kwa kipimo halisi, ili mteja aikate kwenye karatasi ngumu na kuizungusha ndani ya rimu yake kabla ya kununua chochote. Kalipa lazima ipishane na ukingo wa rimu na pia na spoku zake, na hapo penye spoku ndipo wengi hukwama. Diski ikitoka milimita 280 kwenda 330 huongeza nguvu ya kushika kwa takribani asilimia 20, lakini kwenye rimu ya inchi 15 kalipa yake haina pa kukaa. Matundu na mistari ya urembo kwenye diski hayaongezi chochote mjini, na vifuniko vya plastiki vyekundu vinavyofanana na kalipa huizuia kalipa halisi kupoa.

Breki mpya hushika vibaya kuliko za zamani

Pedi na diski zikitoka dukani hazijajuana bado, na kwa kilomita za mwanzo gari huweza kusimama kwa umbali mrefu kuliko lilivyosimama na pedi kuukuu. Breki nzuri hufanya kazi juu ya utando mwembamba wa pedi uliohamia kwenye diski, na utando huo hujengwa kwa joto. Maelekezo ya kila mtengenezaji yana tofauti zake, ila kwa kawaida ni hivi: asubuhi na mapema, kwenye barabara nyoofu isiyo na watu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 kwa breki ya wastani, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki isipolazimu, na ukiegesha, tumia gia au jiwe badala ya handibreki hadi diski zipoe kabisa.